Mkia ni wa Jana, Upanga ni wa Leo

Bibi yangu hakuwahi kununua jogoo kwa pupa. Asubuhi sokoni Kilwa Kivinje, mashua za usiku zikiwa zimekwisha kutia nanga na wachuuzi wakigombea mafungu ya samaki, yeye alipita polepole mbele ya matenga ya kuku, akitoa jogoo mmoja mmoja na kumshika mbawa kwa mkono wa kushoto. Wauzaji walipenda kumwonyesha mkia. Waliupanga vizuri, mkia mweusi unaong'aa kijani juani, wakausifu kwa maneno mengi. Bibi hakuutazama. Aliushika upanga, ile nyama nyekundu ya utosini, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaachia, akangoja. Pale alipobonyeza palibaki weupe, kisha damu ikarudi. Ikirudi upesi, walianza kupatana bei. Ikichelewa, alimrudisha ndege tengani, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

"Bibi, mbona mkia huutazami?" nilimuuliza siku moja, nami nimembebea kikapu.

"Mkia ni wa jana, mjukuu wangu. Upanga ni wa leo."

Sikumwelewa. Ilinichukua miaka mingi kufahamu kwamba maneno yale ya mwanamke aliyesomewa barua zake na wengine yana historia ndefu nyuma yake. Imo safari ya ndege aliyevuka bahari, kimo kisu cha profesa wa Kijerumani, zimo maabara za Chicago na Iowa, na wamo wataalamu wetu wenyewe wa Morogoro. Wote walikuwa wakilizunguka swali moja: kwa nini jike humtaka dume anayeng'aa, na mng'ao ule unasema nini juu ya afya ya mwili unaouvaa?

Jogoo si mwenyeji wa pwani hii. Babu yake ni kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mwaka 2022 wataalamu wa mifupa ya kale walitangaza kwamba mabaki ya zamani zaidi wanayoyakubali kuwa ya kuku wa kufugwa ni ya Ban Non Wat, katikati ya Thailand, ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Walimhusisha kuku huyo na mashamba ya mpunga na nafaka nyingine. Ndege wa msituni alizifuata punje zilizodondoka, akazoea ua, akabaki. Ukiwatazama kuku wa Kivinje wakati wa kupepeta mpunga, wanavyojipenyeza kati ya miguu ya watu, huna haja ya kusadikishwa.

Kufika kwake huku kulipitia bahari. Uchunguzi wa mifupa ya pwani ya Afrika Mashariki na visiwa vyake, uliochapishwa mwaka 2017 baada ya kupima protini na vinasaba, unaonyesha kuku akitokea kwenye mabaki ya miji yetu kuanzia karne ya 7 na ya 8 hivi, pamoja na yule panya mweusi anayesafiri bila kulipa nauli. Na hakuletwa mara moja tu. Vinasaba vya kuku wa Afrika Mashariki vilivyochambuliwa mwaka 2011 vina koo kadhaa, nyingine zikielekea Bara Hindi na nyingine Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa hiyo alikuja na pepo, msimu baada ya msimu, kama zilivyokuja shanga na vyombo vya udongo. Ibn Battuta aliyeshuka pwani hii mwaka 1331 aliandika kwamba Mogadishu aliandaliwa wali wa samli, juu yake pamewekwa kuku, nyama, samaki na mboga. Kutoka huko alishuka Mombasa, kisha Kilwa Kisiwani kwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa ukarimu. Kufikia wakati huo kuku alikuwa keshakuwa mtu wa nyumbani.

Pamoja na kuku wa kawaida pwani ina kuchi. Huyu ni mrefu wa miguu, shingo imesimama wima, kifua kipana, manyoya haba, macho ya ukali. Umbo lake linafanana mno na kuku wapiganaji wa Asia ya mbali, hasa yule anayeitwa Shamo kule Japani. Lakini mtazame utosini. Upanga wake ni mdogo, umelala na kujikunja kama kokwa. Katika pambano upanga mrefu ni mshikio wa adui: hudakwa kwa mdomo, kichwa kikavutwa chini, damu ikamwagika machoni. Wanaume waliomlea kuchi kwa ajili ya kupigana walichagua, kizazi baada ya kizazi, dume mwenye utosi usioshikika. Ninaomba msomaji akiweke kichwa hicho kidogo kumbukumbuni, maana tutakirudia.

Tuje mwaka 1848. Kivinje ya wakati huo ilikuwa bandari kubwa ya kusini. Kisiwani palikwisha kufifia, biashara imehamia bara, na misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa iliingia mjini ikiwa na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Ni mji uliojengwa kwa machozi mengi, na anayeusimulia asilifiche hilo. Majahazi yalipakia, Unguja ikapokea, Sayyid Said akatoza ushuru.

Mwaka huohuo, katika mji wa Göttingen, Ujerumani, Arnold Adolph Berthold alichukua mapora sita. Kuhasi pora ni jambo la kale. Watu walijua zamani kwamba pora akitolewa korodani hunenepa, huwa mpole, hawiki, hapandi, na upanga wake hubaki mdogo na kupauka. Kilichokuwa hakijulikani ni njia. Korodani zimejificha ndani, karibu na figo. Zinaufikiaje utosi? Wengi waliamini ni kwa mishipa ya fahamu. Berthold aliwahasi wawili kabisa. Wawili wengine aliwatoa korodani moja, na ile ya pili akaikata kutoka mahali pake na kuipachika upya mahali pengine katikati ya utumbo. Wawili wa mwisho aliwabadilishia, ya huyu akampa yule na ya yule akampa huyu. Kisha akangoja.

Waliohasiwa kabisa wakawa maksai, kama ilivyotarajiwa. Wale wanne wengine walikua majogoo kamili: waliwika, walipigana, waliwafuata matembe, na panga zao zikasimama nyekundu. Alipowapasua alikuta zile korodani zilizohamishwa zimeshika, zimeota mishipa mipya ya damu, lakini hazina tena uhusiano na mishipa yake ya zamani ya fahamu. Basi ujumbe ulikuwa ukisafiri ndani ya damu. Aliyaandika hayo mwaka 1849 katika kurasa chache mno, nne hivi. Mwenzake wa Göttingen alijaribu kurudia akashindwa, na jambo likalala karibu nusu karne. Mimi kila ninapousoma mkasa huu ninastaajabu jinsi ugunduzi mkubwa ulivyoweza kukaa kimya kiasi hicho, ilhali kila uani duniani palikuwa na jogoo mmoja akiutangaza alfajiri.

Jina lilikuja baadaye. Juni 1905, akihutubia madaktari London, Ernest Starling alitumia neno homoni kwa vitu vinavyotengenezwa na kiungo kimoja na kupelekwa na damu kukichochea kingine. Mwezi uliofuata, Julai 1905, huku nyuma ya Kivinje, watu wa Nandete katika vilima vya Umatumbi waliing'oa miche ya pamba iliyolimwa kwa shuruti, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji ya kuikinga miili yao na risasi. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti. Kwa siku za kalenda mambo haya mawili yamepakana, na mimi siwezi kulitaja la London bila kulitaja la kwetu. Miaka kumi kabla, mwaka 1895, Hassan bin Omari Makunganya alikuwa amenyongwa hapahapa Kivinje. Elimu ya mwili ilikuwa ikipiga hatua Ulaya katika miaka ileile ambayo miili ya watu wa Kilwa ilikuwa ikining'inizwa kwenye miti.

Wachunguzi wa Ulaya na Marekani waliendelea kumshika jogoo kichwani. Mwaka 1902 William Bateson wa Cambridge alionyesha kwamba aina za upanga, ule uliosimama na ule uliolala kama wa kuchi, zinarithiwa kwa kanuni za Mendel, na hivyo upanga ukawa miongoni mwa mambo ya kwanza kabisa ya mnyama kuthibitisha kanuni hizo. Miaka michache baadaye Goodale, Mmarekani, alilifikia jambo ambalo Bibi angelipokea kwa kutikisa kichwa tu. Jogoo aliyehasiwa hunywea upanga, lakini manyoya yake ya fahari hayapotei: mkia ule, shingo ile ya dhahabu, vyote hubaki. Na kuku jike akiondolewa ovari, huota manyoya ya jogoo. Maana yake manyoya ya jogoo hayaihitaji korodani. Homoni ya jike ndiyo inayoyazuia yasiote kwake. Muuzaji anayekusifia mkia anakusifia kitu ambacho hata maksai anacho.

Aidha unyoya ukishakomaa umekufa, kama ukucha au nywele. Unabeba habari za wiki zile ulipokuwa ukiota, na hauwezi kubadilika hadi utakapong'oka na kuota mwingine. Upanga ni nyama hai. Chini ya ngozi yake nyembamba kuna msitu wa vijishipa vya damu, na wekundu wake ni wekundu wa himoglobini inayopita sasa hivi. Homoni ikipungua, upanga hulegea. Damu ikipungua, hupauka. Ndege akikosa hewa kwa ugonjwa, hugeuka zambarau.

Kwa kuwa upanga unatii kiasi cha homoni, ukageuzwa mizani. Mwaka 1927, Fred Koch na Lemuel McGee wa Chicago walisaga kilo 18 hivi za korodani za fahali, wakachuja wakapata miligramu 20 tu za kitu, wakamdunga maksai wa kuku, na upanga wake ukaanza kuota. Mwaka 1935 kundi la Ernst Laqueur huko Amsterdam lilikipata kitu hicho kikiwa safi na kukipa jina la testosteroni. Kabla mashine za kisasa hazijavumbuliwa, nguvu ya dawa za aina hii ilipimwa kwa kuona upanga wa maksai umerefuka kiasi gani.

Hapa sina budi kutoka uani na kwenda bondeni, kwa sababu jogoo peke yake angetudanganya.

Masika inapojaza mabonde ya mpunga kusini mwa Rufiji, kweche dume hubadilika. Kwa sehemu kubwa ya mwaka yeye ni kijidege cha kahawia chenye michirizi, huwezi kumtofautisha na jike wake, wala na shomoro ukiwa mbali. Mvua zikishika huvaa utosi na mgongo mwekundu wa moto, uso na tumbo jeusi, akajitutumua juu ya suke, akaruka kwa kuyumba na kupiga mbawa kwa kelele ili aonekane. Kweche huyu wa pwani yetu alipewa jina lake la kitaalamu na John Cassin wa Philadelphia mwaka 1848, mwaka uleule Berthold alipokuwa na mapora yake. Wekundu wake si wa damu. Ni karotenoidi, rangi ambayo mwili wa ndege hauwezi kuiumba. Lazima aile katika mbegu, majani na wadudu, kisha aigeuze kidogo na kuipeleka kwenye unyoya unaoota. Weusi ni melanini, na huo mwili hujitengenezea wenyewe.

Katika miaka ya 1930, Emil Witschi wa Chuo Kikuu cha Iowa aliwafuga kweche wa jamii ya kaskazini mwa ikweta, akawahasi. Walikataa kufanana na jogoo. Waliohasiwa waliendelea kuvaa nguo za harusi msimu ulipofika. Mdomo tu ndio uliosubiri testosteroni ili uwe mweusi. Manyoya yalikuwa yakimtii mkubwa mwingine, homoni inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, inayoitwa LH. Witschi aliona kwamba ukimng'oa kweche manyoya machache na kumdunga homoni hiyo, unyoya mpya huota na mstari mweusi. Kwa miaka kadhaa jamaa wa kijidege ambacho watoto wetu hukiwinga kwa kombeo akawa kipimo cha maabara Marekani. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema kwamba rangi za madume wote ni kazi ya testosteroni. Kila ukoo umefunga kamba zake kivyake.

Hadi hapo tulijua kinachopaka rangi. Bado hatukujua jike anafaidi nini kuitazama. Mwaka 1982 William Hamilton na Marlene Zuk waliandika makala wakisema kwamba jibu liko kwenye vimelea. Magonjwa hayaishi na hayasimami mahali pamoja. Kila kizazi yanakuja na hila mpya. Jike anayechagua dume anayeng'aa huwa anamchagua aliyeyashinda magonjwa ya wakati huu, na pengine vifaranga watarithi ushindi huo. Zuk hakuishia kwenye nadharia. Yeye na wenzake katika Chuo Kikuu cha New Mexico waliwaambukiza baadhi ya kuku mwitu madume minyoo ya tumbo na kuwaacha wengine bila minyoo, kisha wakawaonyesha majike. Wenye minyoo walikuwa na panga fupi zilizopauka, na majike waliwapendelea wasio na minyoo. Na majike walikuwa wakiangalia nini? Upanga kuliko manyoya. Majaribio ya baadaye, mwaka 1995, yalionyesha kwamba hata ukiyaharibu yale manyoya ya fahari, uchaguzi wa jike hautetereki sana. Nilipoyasoma hayo nilikiweka kitabu chini nikakumbuka kidole gumba cha Bibi.

Basi upanga unakuzwa na testosteroni, na unapauka kwa ugonjwa. Mwaka 1992 Ivar Folstad wa Norway na Andrew Karter waliyaunganisha mambo haya mawili kwa namna iliyowashtua wengi. Walisema homoni ileile inayokuza urembo hudhoofisha kinga ya mwili. Nitaieleza kwa lugha ya Kivinje. Mwenye mashua ana fedha zake chache. Anaweza kununua tanga jipya jeupe, ambalo kila mtu bandarini ataliona, au anaweza kuikalafati mashua, kazi ya pamba na mafuta isiyoonekana na mtu. Anayenunua tanga huku nyufa zinavuja atazama. Kwa hiyo ukiona mashua yenye tanga zuri, na mwaka wa tatu huu bado inakwenda Mafia na kurudi, unajua kwamba mwenyewe ana uwezo wa kununua tanga na bado ana cha kukalafatia. Jogoo mgonjwa hawezi kudanganya, maana testosteroni ya kudanganyia ingeifungulia maradhi mlango.

Ushahidi mzuri ulitoka Uholanzi mwaka 1999. Kulikuwa na kuku waliochaguliwa kwa vizazi vingi kwa jambo moja: kundi moja kwa kutoa kingamwili nyingi, jingine kwa kutoa chache. Hakuna aliyewachagua kwa sura. Simon Verhulst na wenzake walipowapima majogoo walikuta wale wenye kingamwili nyingi wana panga ndogo na testosteroni kidogo. Wenye kingamwili chache wana panga kubwa. Kalafati na tanga zilikuwa zimetoka mfuko mmoja.

Karotenoidi nazo zina hesabu yake. Hutumika pia ndani ya mwili, hivyo kila chembe inayokwenda kwenye unyoya au mdomo ni chembe isiyobaki ndani. Mwaka 2003 Jonathan Blount na wenzake wa Glasgow waliwaongezea karotenoidi vijidege madume wa Australia wenye midomo myekundu. Midomo ikakolea, kinga ikaitikia vizuri zaidi, na majike wakawasogelea. Mama wa Kivinje anaijua hesabu hii kwa upande wa yai. Kuku anayechakura majani na wadudu siku nzima hutaga yai lenye kiini cha rangi ya machungwa, na watu wa Dar es Salaam hulilipia zaidi wakiliita la kienyeji. Lakini tembe wa miguu ya njano akitaga mfululizo, miguu yake hupauka, kwa kuwa rangi imehamia kwenye viini. Na kuku mwenye ugonjwa wa kuharisha damu hupauka hata asipotaga, maana utumbo uliojeruhiwa hauwezi kuichukua rangi kutoka kwenye chakula.

Lakini nadharia ya Folstad na Karter haikusimama kama ilivyojengwa. Mwaka 2004 wachunguzi watatu walikusanya majaribio yaliyokwisha kufanywa kwa wanyama mbalimbali, na matokeo yakawa ya kuyumba: mahali pengine testosteroni ilidhoofisha kinga, pengine haikugusa kitu. Huku kwetu Afrika Mashariki pigo lilitoka Amboseli, chini ya Mlima Kilimanjaro kwa upande wa Kenya, ambako nyani wamefuatiliwa mmoja mmoja kwa majina tangu mwaka 1971. Elizabeth Archie, Jeanne Altmann na Susan Alberts walipitia kumbukumbu za majeraha na magonjwa za miaka 27. Kwa mujibu wa nadharia, dume mkuu wa kundi, aliyejaa testosteroni na mapambano, alipaswa kupona polepole. Walikuta kinyume chake: madume wa daraja la juu ndio waliopona haraka. Ripoti yao ya mwaka 2012 ilituambia kitu ambacho mwenye mashua yeyote angetuambia. Tajiri hachagui kati ya tanga na kalafati. Ananunua vyote. Mgawanyo wa mfuko huonekana kwa mwenye mfuko mwembamba.

Serengeti ilikuwa imeshasema jambo la namna hiyo mwaka 2002, kupitia kazi ya Peyton West na Craig Packer. Waliweka masanamu ya simba dume yenye manyoya ya shingo ya rangi tofauti. Majike waliyaendea yenye manyoya meusi. Simba mweusi wa shingo ni mwenye testosteroni nyingi na aliyeshiba vizuri. Na gharama yake ni joto, kwa kuwa manyoya meusi huuchemsha mwili juani. Na katika Hifadhi ya Ziwa Manyara, ambako nyani wana ugonjwa wa vidonda vya sehemu za siri, utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha majike wakimkwepa dume mwenye vidonda vinavyoonekana. Jike huyo hahitaji rangi wala homoni kumwambia. Anaona kidonda chenyewe.

Sasa nirudi kwa kuku wetu. Mwaka 2001 Paul Msoffe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walichapisha utafiti juu ya kuku wa asili wa Tanzania: kuchi, singamagazi, ching'wekwe na wengine. Hawakuwapima kilo na umbo peke yake. Walipima pia uwezo wa kinga yao. Ninaithamini kazi hiyo kuliko nyingi za ng'ambo nilizozitaja, kwa sababu iliuliza swali la mfugaji: kati ya hawa ndege tunaowaachia uani wajitafutie, nani anabeba nini ndani ya damu yake? Kuku wa kienyeji amekuwa akidharauliwa kwa kutotaga sana. Walimtazama kama hazina ya kinga.

Na kinga hiyo ina mpaka. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, Java na Newcastle kule Uingereza. Unapoingia mtaani huanza na kusinzia, kinyesi cha kijani, mabawa kuanguka, shingo kupinda, na asubuhi ua ni mtupu. Nimewahi kuona. Jogoo mwenye upanga mwekundu kuliko wote huondoka na mwenye upanga uliopauka siku moja. Upanga unaweza kutangaza ushindi juu ya minyoo na njaa ya kila siku. Kwa virusi ambavyo mwili haujawahi kukutana navyo hauna cha kutangaza. Alichokifanya binadamu hapo ni kumpa mwili kukutana na adui aliyepunguzwa makali: chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia na Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, inayovumilia joto kuliko chanjo za zamani, na ikaja kuzalishwa hapa nchini katika maabara ya mifugo ya Temeke. Tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu au minne.

Nilikuwa Kivinje siku ya chanjo mtaani kwa shangazi yangu. Tulianza kabla ya jua, kuku wakiwa bado bandani, ili wasitutoroke. Shangazi alishika chupa, mimi nikakamata ndege. Alikuwemo kuchi wa jirani, mrefu, mwenye kile kichwa kisichoshikika. Alinikwaruza mkono kabla hajatulia. Yeye alichaguliwa na watu, na kwenye uso wake watu walifuta sehemu kubwa ya kile ambacho jike angekisoma. Alikuwemo pia jogoo wa kawaida wa shangazi, upanga wake umesimama kwa meno matano, na matembe watatu walikuwa wamelala wakimzunguka.

"Mbonyeze kwanza," shangazi aliniambia. "Mgonjwa hachanjwi."

Nilibonyeza kwa kidole gumba, nikaachia. Weupe ulikaa muda wa kupepesa jicho, damu ikarudi. Shangazi akalifungua jicho lake kwa vidole viwili na kudondosha tone. Jogoo akatikisa kichwa kwa nguvu, upanga ukapiga huku na huku, akashuka mikononi mwangu na kutoka nje kulikoanza kupambazuka.